Makazi ya Mumbai: Nani Anailipia Kodi Isiyopanda?

Katika mitaa ya Girgaon, Lalbaug na Byculla, upande wa kusini wa jiji la Mumbai, zipo familia zinazokaa katika chumba kimoja kwa kodi ya mwezi isiyotosha kununua sahani ya samaki katika mgahawa ulio chini ya jengo hilohilo. Ng'ambo ya barabara husimama mnara wa ghorofa hamsini, ambamo nyumba moja huuzwa kwa bei ambayo karani wa ofisi hawezi kuifikia hata akiweka akiba mshahara wake wote tangu siku ya kwanza ya kazi hadi anapostaafu. Mara nyingi hali hii huelezwa kwa wepesi, kwamba India ni nchi ya matajiri wachache na maskini wengi, na mjadala ukaishia hapo. Maelezo hayo hayatoshi, kwa sababu chumba kile na mnara ule vimetokana na uamuzi mmoja ambao umekuwa ukirudiwa kwa zaidi ya miaka 75: serikali imewaahidi wapangaji ulinzi bila kuutengea ulinzi huo fedha za umma za kutosha, na kila mara gharama imebebeshwa mtu mwingine. Mwanzoni aliibeba mwenye nyumba. Baadaye ikabebwa na kuta na mihimili ya majengo yenyewe. Leo inabebwa na mnunuzi wa nyumba mpya. Anayetaka kuuelewa mji huu hana budi kuufuatilia mzigo huo jinsi unavyohama.

Mji wenyewe, ulioitwa Bombay hadi mwaka 1995, uligeuka kuwa mji wa viwanda katikati ya karne ya 19, Cowasji Nanabhai Davar alipoanzisha kiwanda cha kwanza cha kusokota pamba, na katika miongo iliyofuata viwanda vikaongezeka hadi nguo zake zikavaliwa mpaka Unguja na Mombasa. Wafanyakazi walitoka vijijini, hasa pwani ya Konkan na wilaya za bara kama Satara, na wengi wao walikuja wanaume peke yao, wakawaacha wake na wazazi shambani. Ili kuwapa watu hao mahali pa kulala, wenye viwanda, wafanyabiashara na baadaye serikali walijenga majengo yanayoitwa chawl: jengo la ghorofa tatu au nne, vyumba vimepangwa mstari mmoja, mbele yake ikipita baraza ndefu ya wazi inayotumiwa na wote, na vyoo vya pamoja vikiwa mwisho wa baraza. Baada ya tauni iliyoukumba mji mwaka 1896, serikali ya kikoloni iliunda mamlaka ya kuboresha mji, na katika miaka ya 1920 idara ya maendeleo ya Bombay ikajenga majengo 207 ya namna hiyo katika maeneo ya Worli, Naigaon, Sewri na Delisle Road. Kila chumba kilikuwa na futi za mraba 160, yaani takriban mita za mraba 15.

Inafaa kukiangalia chumba hicho kwa karibu, kwa kuwa sheria zote zilizofuata zilikihusu. Pembeni mwa mlango au dirisha kuna kijisehemu kilichozungushiwa ukingo mfupi wa saruji, kinachoitwa mori, ambako vyombo huoshwa, nguo hufuliwa na watu huoga kwa zamu nyuma ya pazia. Maji ya bomba huja kwa saa chache tu, mara nyingi alfajiri, kwa hiyo juu ya mori hupangwa madumu na mapipa ya kuyahifadhi. Dari iko juu sana, na familia nyingi zimejenga dari ya pili ya mbao katikati, ambako watoto hulala na masanduku huwekwa. Kila aliyezidi ndani ya chumba huishia barazani: mzee anasoma gazeti huko, mwanafunzi anajisomea huko usiku, akina mama wanachambua dengu huko huku wakiwaangalia watoto wa majirani. Desturi ya kumsherehekea hadharani Ganesh, mungu wa Kihindu, ambayo leo huijaza Mumbai ngoma na umati kila mwaka, ilianza katika mji huu kwenye ua wa chawl ya Keshavji Naik huko Girgaon mwaka 1893.

Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vilipoleta watu wengi mjini na saruji ikawa adimu, kodi zilipanda kwa kasi, na mwaka 1947 ikapitishwa sheria ya kudhibiti kodi. Sheria hiyo iliamua kwamba kodi halali ni ile iliyokuwa ikilipwa tarehe 1 Septemba 1940, au kodi ya kwanza kama chumba kilipangishwa baadaye, na ikamzuia mwenye nyumba kumtoa mpangaji bila sababu zilizoorodheshwa. Mpangaji akifariki, haki yake ilirithiwa na ndugu aliyekuwa akiishi naye. Kwa wakati ule ulikuwa uamuzi wa haki na wa lazima, maana India ilikuwa inagawanywa, wakimbizi kutoka Sindh na Punjab walikuwa wanamiminika mjini, na bila kinga hiyo maelfu wangetupwa barabarani. Kosa lilikuja baadaye. Hatua iliyokusudiwa kuwa ya muda iliongezwa muda mara kwa mara kwa nusu karne, na hakuna serikali iliyothubutu kuigusa, kwa sababu wapangaji ni wapiga kura wengi na wenye nyumba ni wachache.

Matokeo ya kwanza yalikuwa kwamba wenye fedha waliacha kujenga nyumba za kupangisha. Matokeo ya pili yalikuwa soko la pembeni. Kwa kuwa kodi ya kila mwezi haikuwa na thamani tena, thamani ya chumba ilihamia kwenye haki ya kukikalia, na haki hiyo ikaanza kuuzwa kwa kilemba, kinachoitwa huko pagdi, utaratibu ambao wafanyabiashara wa Kariakoo hawahitaji kuelezwa. Mpangaji anayeondoka humuuzia mwingine nafasi yake kwa bei inayokaribia bei ya soko, mwenye nyumba huchukua sehemu yake, kwa mazoea takriban theluthi moja, kisha huandika risiti ya kodi kwa jina la mpangaji mpya. Kwa miongo mingi malipo hayo yalikuwa kinyume cha sheria ilhali kila mtu aliyajua. Sheria mpya ya udhibiti wa kodi ya jimbo la Maharashtra, iliyopitishwa mwaka 1999 na kuanza kutumika mwaka uliofuata, iliyahalalisha, ikawaondoa kwenye kinga wapangaji wakubwa kama mabenki na makampuni ya kimataifa, na ikaruhusu kodi kupanda kwa asilimia 4 kila mwaka. Lakini asilimia 4 ya nini? Kama chumba kilikuwa na kodi ya rupia 50, nyongeza ya mwaka wa kwanza ni rupia 2, na hata baada ya miaka 20 ya nyongeza juu ya nyongeza mwenye nyumba atapokea rupia 110 kwa mwezi, kiasi kisichotosha kumlipa fundi bomba kwa kazi ya asubuhi moja.

Hapo ndipo mzigo ulipohamia kwenye kuta. Jengo la pwani linalopigwa na mvua kubwa kuanzia Juni hadi Septemba linahitaji matengenezo ya kila mara: chuma huota kutu, mbao huoza, miti ya jamii ya mtini huchipua kwenye nyufa. Mwenye nyumba alisema kodi haitoshi, na alisema kweli. Mpangaji alisema jengo si lake, na yeye pia alisema kweli. Mwaka 1969 serikali ikaunda bodi ya ukarabati, ikaorodhesha majengo 19,642 ya zamani katika mji wa kisiwani, yaani sehemu kongwe ya kusini ya Mumbai, ikayatoza ushuru maalumu ili fedha zitakazokusanywa zitumike kuyatengeneza. Fedha zile hazikuwahi kulingana na kazi yenyewe. Tarehe 31 Agosti 2017, baada ya mvua kubwa, jengo la Husaini katika mtaa wa Bhendi Bazaar, lililokuwa na umri wa zaidi ya miaka mia moja, liliporomoka asubuhi na kuua watu 33. Jengo hilo lilikuwa ndani ya mradi mkubwa wa kujenga upya mtaa mzima, ulioanzishwa na taasisi ya Mabohora mwaka 2009, jumuiya ambayo ndugu zao wanajulikana vyema Unguja, Mombasa na Dar es Salaam. Familia kadhaa zilikuwa tayari zimehamishwa kutoka jengo hilo na nyingine zilikuwa bado zimo ndani.

Serikali ilikuwa imejaribu pia njia nyingine. Mwaka 1986 iliongeza kifungu kinachoruhusu asilimia 70 ya wakazi wa jengo kuomba lichukuliwe na kukabidhiwa ushirika wao, mwenye nyumba akilipwa mara 100 ya kodi ya mwezi. Ukikumbuka kwamba kodi yenyewe iligandishwa mwaka 1940, utaelewa kwa nini wamiliki walikimbilia mahakamani. Kesi yao ilisubiri zaidi ya miaka 30, ikapandishwa hadi kwa majaji tisa wa Mahakama ya Juu, na Novemba 2024 wengi wa majaji hao wakaamua kwamba si kila mali ya mtu binafsi inaweza kuhesabiwa kuwa rasilimali ya jamii kwa maana ya katiba. Mahakama hiyohiyo ilikuwa imekwisha kusema mwaka 1997 kwamba kugandisha kodi milele hakukuwa na busara tena, bila kuifuta sheria siku ile. Kwa maneno mengine, njia ya kumbebesha mwenye nyumba gharama zote ilikuwa inafungwa taratibu.

Njia iliyobaki, na ambayo imeibadilisha sura ya mji kuliko nyingine zote, ni kulipa kwa hewa. Kila kiwanja mjini kina uwiano wa sakafu, yaani kiasi cha eneo la ghorofa zote kinachoruhusiwa kikilinganishwa na ukubwa wa ardhi. Kwa miaka mingi uwiano huo katika mji wa kisiwani ulikuwa 1.33, kiwango kidogo mno kwa mji wenye watu wengi namna ile. Kanuni za ujenzi za mwaka 1991 na marekebisho yaliyofuata zilimwambia mjenzi hivi: ukiwapa wapangaji wa jengo chakavu nyumba mpya bure, tutakuruhusu kujenga ghorofa za ziada na kuziuza kwa bei yoyote utakayopata.

Tufanye hesabu ya mfano, tukiacha kando ngazi na korido. Kiwanja kina mita za mraba 1,000 na jengo lina wapangaji 60. Kila mmoja anastahili angalau futi za mraba 300, yaani takriban mita 28, kwa hiyo wapangaji wanachukua mita 1,680. Uwiano maalumu wa 3 unaruhusu mita 3,000 kwa jumla. Mjenzi anabaki na mita 1,320 za kuuza, lakini ni lazima ajenge mita zote 3,000, azilipie familia 60 kodi ya makazi ya muda kwa miaka ya ujenzi, amridhishe mwenye ardhi, alipe ada za manispaa na riba ya benki. Kila mita anayoiuza hubeba gharama ya kujenga mita mbili na robo, kabla ya hizo nyingine zote. Hesabu kama hiyo haiwezi kutoka kwa kuuza nyumba za bei ya kati. Inatoka tu kama mnunuzi ni tajiri sana na mnara ni mrefu sana, ndiyo maana maegesho ya magari hupanda ghorofa nane na bwawa la kuogelea huwekwa juu yake, huku wapangaji wa zamani wakipewa jengo lao pembeni, lenye lango lake na lifti zake.

Jambo hili husemwa mara chache, nami naliona kuwa kiini cha yote: paa la mpangaji maskini limefungwa kwenye hamu ya tajiri kununua. Bei za nyumba zikipanda, mji unalalamika kwamba watu wa kawaida hawawezi kuishi humo. Zikishuka, mjenzi anasimamisha kazi, anaacha kulipa kodi ya muda, na familia iliyokwisha kubomolewa chumba chake inabaki kwenye nyumba ya kupanga katika vitongoji vya mbali kama Dombivli au Mira Road, ikilipa kwa fedha zake na kusubiri kwa miaka.

Ardhi ya viwanda ingeweza kutoa njia tofauti. Tarehe 18 Januari 1982 wafanyakazi wa viwanda vya nguo wapatao 250,000, wakiongozwa na Datta Samant, waligoma kudai mishahara bora. Mgomo huo haukuwahi kumalizwa kwa makubaliano, na viwanda vingi havikurudi katika hali yake. Zikabaki ekari mia kadhaa katikati ya mji. Kanuni za mwaka 1991 zilitaka ardhi hiyo, pale itakapoendelezwa, igawanywe takriban mafungu matatu: moja liwe viwanja vya wazi kwa umma, moja liende kwenye mamlaka ya nyumba ya jimbo, na moja libaki kwa mwenye kiwanda. Mwaka 2001 serikali ya jimbo ilibadilisha maneno machache, ikasema mgawanyo utahusu ardhi iliyo tupu tu na si ile iliyokaliwa na mabanda ya viwanda, na kwa kuwa mabanda yalifunika sehemu kubwa ya viwanja, fungu la umma likawa dogo sana. Mahakama ya Juu ilikubali marekebisho hayo mwaka 2006. Yapo sasa maduka makubwa, ofisi na minara ya makazi mahali ambapo ving'ora vya zamu vilikuwa vikilia, na watoto wa waliofanya kazi humo wamepata nyumba kwa bahati nasibu ya serikali, wachache wakilinganishwa na walioomba.

Mtindo wa kulipa kwa hewa ulipelekwa pia kwenye mitaa ya mabanda, ambako takriban watu wanne kati ya kumi wa Mumbai wanaishi. Mwaka 1985 Mahakama ya Juu, katika kesi iliyofunguliwa na mwandishi wa habari Olga Tellis kuhusu watu waliokuwa wakilala kando ya barabara, ilitamka kwamba haki ya kuishi hubeba ndani yake haki ya kujipatia riziki, ingawa haikuwazuia maofisa kuwaondoa watu hao kwa utaratibu. Miaka kumi baadaye ikaundwa mamlaka ya kuwajengea upya wakazi wa mabanda, kwa nyumba za bure za futi 225, zilizoongezwa baadaye hadi 300. Mtu hustahili kama anathibitisha kwamba alikuwapo kabla ya tarehe fulani: kwanza 1 Januari 1995, kisha 1 Januari 2000, na baadaye waliokuwapo kabla ya 2011 wakaruhusiwa kwa kulipia. Ndiyo maana katika banda lolote la Mumbai utakuta mfuko wa nailoni umetundikwa mbali na maji ya mvua, ndani yake kadi ya mgao wa chakula, bili ya umeme ya zamani na nakala ya daftari la wapiga kura. Karatasi hizo ndizo nyumba yenyewe. Huko Dharavi, mtaa mkubwa wa mabanda, ambako serikali ya jimbo na kundi la makampuni la Adani wanashirikiana katika mradi mkubwa kuliko yote ya aina hii, aliye na karatasi za kabla ya mwaka 2000 ameahidiwa futi 350 mahali pale pale, na wengine wengi wameambiwa watapelekwa nje ya Dharavi, mbali na karakana za ngozi, nguo na vyungu zinazowapa mkate.

Kwa wanaofanikiwa kuhamia jengo jipya, mabadiliko ni makubwa na hayapaswi kudharauliwa. Agosti 2025 familia za kwanza 556 za chawl za Worli zilikabidhiwa funguo za nyumba zenye futi 500, mara tatu ya chumba chao cha zamani. Choo kiko ndani. Kwa mwanamke aliyezoea kubeba ndoo hadi mwisho wa baraza usiku, au kujizuia mpaka kuche, hilo pekee linatosha kuutetea mradi, na wasomi wanaozililia chawl kwa mapenzi ya historia wangepaswa kumuuliza yeye kwanza. Binti ana mlango wa kuufunga akisoma. Pamoja na hayo, baraza imekufa. Milango ya ghorofa ya 20 hubaki imefungwa, mzee hashuki kwa hofu ya lifti kuharibika, na mtoto hawezi tena kuachwa chini ya macho ya majirani. Kisha huja ada ya matunzo ya kila mwezi, ya lifti, pampu, walinzi na taa, ambayo kwa familia iliyozoea kodi ya rupia 100 inaweza kuwa mara kadhaa ya kodi ile. Mjenzi hutakiwa kuweka mfuko wa fedha ili riba yake isaidie ada hizo, lakini riba hushuka na lifti huzeeka. Baadhi ya familia huuza kimyakimya na kuhamia mbali zaidi, zikiondoka na fedha ambazo hazijawahi kuziona maishani.

Nje ya mfumo huu wote yuko aliyekuja mwaka jana: muuguzi kutoka Kerala, mhandisi wa programu kutoka Nagpur, dereva kutoka Uttar Pradesh. Yeye hana kodi iliyogandishwa wala karatasi ya mwaka 2000. Kwa kuwa wenye nyumba bado wanaogopa mpangaji atakayeng'ang'ania, humpa mkataba wa leseni, si wa upangaji, kwa kawaida wa miezi 11, kwa amana ya miezi kadhaa na ujira wa dalali, na mara nyingi baada ya kuhojiwa kama ameoa, dini yake ni ipi na kama anapika nyama. Sensa ya mwaka 2011 ilikuta zaidi ya nyumba laki nne na nusu mjini zikiwa hazina mtu, nyingi zikiwa zimefungwa na wamiliki wanaoona heri zikae tupu. Huku hayo yakiendelea, treni za asubuhi kutoka Virar na Kalyan huwaleta kazini watu wanaoning'inia milangoni, kwa safari ya zaidi ya saa moja kwenda na nyingine kurudi.

Na yako majengo ambayo hesabu yake haitoki. Mengi ya yale 19,642 yamekwisha kubomolewa au kujengwa upya, lakini maelfu yamesalia, na aghalabu ni yale yaliyo katika vichochoro vyembamba visivyoweza kubeba mnara, yenye wapangaji wengi mno kwa kiwanja kidogo, au yaliyo mahali ambapo hakuna tajiri atakayenunua. Kila mwaka kabla ya mvua, bodi ya ukarabati hutangaza orodha ya majengo hatari zaidi na kuwataka wakazi wahamie kwenye kambi za muda. Wengi hukataa, na si kwa ujinga: wanawajua watu waliopelekwa kambi hizo na kukaa humo miongo kadhaa, watoto wao wakioa na kuolewa humo humo. Kwa majengo haya hakuna hewa ya kuuza. Yanahitaji fedha za bajeti, zilizopigiwa kura na kuandikwa mwaka hadi mwaka kama zinavyoandikwa fedha za madaraja na barabara za juu, na mpaka sasa mamlaka ya Mumbai na Maharashtra hayajakubali kuziandika kwa kiasi kinachotosha.